Ripita iliyokuwa kiziwi mchana: kisa cha moduli, dupleksa na kebo fupi

Ripita (mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyatangaza upya ili yafike mbali) ya mita 2 inayohudumia kikundi chetu cha redio ya ridhaa ipo juu ya kilima kimoja kati ya Arusha na Moshi. Ndani ya msimu mmoja ilipata hitilafu mbili. Ya kwanza ilikuwa wazi: nguvu ya kutuma ilishuka mpaka ikawa haifai. Ya pili ilijificha: ripita ilitangaza vizuri lakini haikusikia. Kwa ajili ya hiyo ya pili wanakikundi walikwisha kukubaliana kuchanga fedha za dupleksa mpya kutoka ng'ambo, kichujio kinachoruhusu antena moja kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na bei yake ni kubwa hata kabla ya nauli na ushuru. Dupleksa ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa kipande cha kebo kisichofika hata mita moja.

Naandika kisa chote pamoja na vipimo kwa sababu fundi wa ripita huku kwetu anafanya kazi akiwa mbali na duka la vipuri. Ulaya mtu akiagiza kifaa kisichofaa anakirudisha, analetewa kingine. Huku ukiagiza vibaya fedha imekwenda, wiki zimekwenda, na ripita bado imezimwa. Kupima kabla ya kununua ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta vipuri, na sehemu hiyo haihitaji nauli ya ndege.

Mtambo wenyewe

Ripita imejengwa kwa redio mbili za gari za kibiashara za miaka ya 1990, tulizouziwa na kampuni ya ulinzi ilipohamia mitambo ya kidijitali. Moja inapokea, nyingine inatuma. Katikati kuna kontrola ndogo inayopitisha sauti, kutambua toni ya CTCSS (mlio wa chini unaofungua ripita) na kutaja kolsaini, yaani jina la kituo, kwa msimbo wa Mosi. Umeme ni wa betri za volti 12 zinazochajiwa na sola. Antena ni moja tu, na ugumu wote unaanzia hapo.

Katika Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), ambamo Afrika nzima imo, bendi ya mita 2 ni megahetsi 144 hadi 146, na kawaida ripita husikiliza kilohetsi 600 chini ya masafa inayotangazia. Kwenye megahetsi 145 hiyo ni tofauti ya asilimia 0.4 tu. Transmita ya wati 25 ni sawa na dBm +44 (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja). Risiva nzuri husikia mawimbi ya mikrovolti 0.25, yaani dBm −119. Kati ya hizo mbili kuna desibeli 163. Kwa hesabu ya kawaida, transmita ina nguvu mara trilioni 20,000 kuliko mawimbi dhaifu ambayo risiva inatakiwa kuyasikia wakati huohuo, kwenye antena ileile.

Kinachozitenganisha ni dupleksa: mitungi sita iliyotuniwa kwa mkono. Mitatu inazuia mawimbi ya transmita yasiingie kwenye risiva. Mitatu mingine ina kazi ambayo watu husahau. Kila transmita hutoa kelele pana pembeni mwa masafa yake, na sehemu ya kelele hiyo inaangukia palepale risiva inaposikiliza. Risiva haiwezi kuichuja, kwa kuwa kwake ni masafa halali. Lazima izuiwe inakotoka, kabla haijafika kwenye antena.

Nguvu iliposhuka

Malalamiko ya kwanza yalitoka kwa watu wa mbali: ripita inasikika kwa kukwaruza. Mita ilionyesha wati 3 badala ya 25, na mkondo kutoka kwenye betri nao ulikuwa umeshuka. Mkondo mdogo ulitupa fununu. Antena ikiwa mbovu, kwa kawaida nguvu inayorudi huonekana kwenye mita ya SWR. Hapa SWR ilikuwa nzuri, na hata kwenye dami lodi (mzigo wa majaribio unaofungwa badala ya antena) nguvu ilibaki wati 3. Hatua ya mwisho ya transmita ilikuwa imekufa.

Sababu ilionekana mara tulipofungua boksi. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo kati ya mapezi ya hitsinki (chuma cha kupozea), na feni ilikuwa imekwama. Redio ya gari imetengenezwa kwa dereva anayezungumza kidogo kisha akasikiliza. Kwenye ripita inatuma kwa dakika nyingi mfululizo, hasa jioni wenye redio wanapokutana hewani. Ukitaka redio ya gari idumu katika kazi hiyo, ipunguze nguvu na uipe upepo wa kutosha. Mtambo wetu ulikosa vyote viwili.

Hatua ya mwisho ilikuwa moduli (kipande kimoja chenye saketi nzima ya kukuza nguvu) ya aina ya zamani, ya transista za baipola, ambayo haitengenezwi tena. Hapo safari ya kutafuta kipuri ikaanza.

Kutafuta moduli

Nilianzia Arusha mjini kwa mzee mmoja ambaye ameishi kwa kutengeneza redio za VHF za magari ya watalii. Arusha ina hazina ambayo miji mingi haina: kwa miaka mingi karibu kila gari la safari limebeba redio, na redio zilizokufa zimelala kwenye masanduku ya mafundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa wako ana nini?"

Nilimpa namba ya moduli. Alifikiri kidogo. "Hiyo nilikuwa nayo, zote nimeshazitumia. Ukiletewa mpya leo, uliza imetoka wapi. Mpya za namba hiyo hakuna."

Alikuwa sahihi, na kila nilichokiona baadaye kilimthibitisha. Kariakoo nilionyeshwa moja. "Kaka, hii ni orijino kabisa," muuzaji aliniambia, na nadhani mwenyewe aliamini hivyo. Lakini miguu yake ilikuwa na risasi ya zamani iliyopakwa juu upya, na bati la chini lilikuwa na alama za mviringo za vichwa vya skrubu. Ilikuwa imetolewa kwenye redio nyingine. Wauzaji wa mtandaoni walikuwa nazo kwa bei ya chini mno, zote zikiitwa mpya. Vifaa vya RF (masafa ya redio) vilivyoachwa kutengenezwa hughushiwa sana: transista yoyote yenye umbo linalofanana husuguliwa maandishi, ikapigwa chapa ya kile kinachotafutwa. Pamba yenye asetoni hufichua baadhi, kwa sababu chapa ya juujuu hufutika. Nyingine hazifichuki mpaka uwashe, na wakati huo fedha imeshakwenda.

Kipuri kilichotumika, kutoka kwa mtu unayemjua, na kimepimwa mbele yako, nakikubali. Kipuri kilichotumika kinachouzwa kama kipya sikikubali kwa bei yoyote, maana aliyenificha hilo atanificha na mengine.

Tukaamua kuacha namba ya zamani na kutumia RA30H1317M ya Mitsubishi Electric, moduli ya MOSFET ya megahetsi 135 hadi 175 inayotoa wati 30 kwa volti 12.5. Tuliiagiza kwa msambazaji anayetoa ankara yenye namba ya kundi la uzalishaji, ikaja na mizigo ya mtu aliyekuwa akirudi nchini. Kipuri kimoja kwa kawaida kinapita forodhani bila taabu kikiwa na ankara. Redio nzima inayotuma mawimbi ni habari nyingine, inahitaji idhini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na ni vizuri jambo hilo lishughulikiwe kabla mzigo haujafika.

Kuibadili si kung'oa na kuchomeka. Kwenye moduli ya zamani mguu wa pili ulikuwa ukipokea umeme wa hatua ya kwanza, na redio ilipunguza au kuongeza volti hapo kudhibiti nguvu, mpaka karibu na volti 12. Kwenye mpya mguu wa pili ni geti, mguu wa kudhibiti unaotaka volti ndogo tu. Kufikia volti 4 nguvu inaanza kupanda kwa kasi, kwenye 4.5 hadi 5 inafika kiwango chake, na hapo ndipo mwisho wa kazi. Ukiiacha waya ya zamani, siku ya kuwasha ndiyo siku ya kuiua. Tuliweka regyuleta ya volti 5 pamoja na kigawanyo cha rizista na potenshiomita ndogo, ili geti lisiweze kuvuka hapo hata ikizungushwa mpaka mwisho.

La pili ni nguvu ya kuingia. Moduli mpya inahitaji miliwati 50 tu, na hatua iliyo nyuma yake kwenye redio yetu ilikuwa ikitoa miliwati 200 kwa kipimo. Hiyo ni mara nne, yaani desibeli 6. Atenyueta (kipunguza nguvu) ya desibeli 6 kwa mfumo wa omu 50 ni rizista tatu: ya 150 kwenda ardhini, ya 39 katikati, ya 150 tena kwenda ardhini. Ni vipuri vya bei ya chai, vinapatikana popote, mradi visiwe vya waya wa kuzungushwa, kwa kuwa hivyo hugeuka koili kwenye VHF.

Kabla ya kuifunga tuliijaribu kwenye umeme wa maabara wenye kikomo cha mkondo, ikiwa na omu 50 pande zote mbili na bila mawimbi ya kuingia. Geti likiwa sifuri, mkondo ulikuwa karibu hakuna. Tulipolipandisha polepole, mkondo ulianza kupanda kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Moduli bandia nyingi huanguka kwenye jaribio hili dogo.

Ufungaji nao una neno. Bati la chini likikaa juu ya hitsinki isiyonyooka, moduli hupinda skrubu zinapokazwa, na kauri iliyo ndani hupasuka. Tulisugua hitsinki kwa msasa uliotandikwa juu ya kioo mpaka ikawa tambarare, tukapaka krimu nyembamba ya kupitisha joto, tukakaza skrubu mbili kwa zamu. Ufanisi wa moduli hii katika wati 30 umeandikwa kuwa zaidi ya asilimia 40. Kwa hesabu ya asilimia 40, inakula wati 75, na wati 45 zinageuka joto. Kiwanda kinashauri bati lisizidi nyuzi 90 likitakiwa kudumu. Tuliweka feni mbili, wavu wa kuzuia nyigu, na nguvu tukaishusha hadi wati 15. Kutoka 25 hadi 15 ni desibeli 2.2. Msikilizaji wa mbali karibu hatambui tofauti. Moduli inaitambua.

Ripita inasema, haisikii

Baada ya hapo ilisikika safi kila mahali. Lakini wenye redio za mkononi walianza kulalamika. Asubuhi na usiku waliingia vizuri. Mchana, hasa jua likiwa kali au upepo ukivuma, ripita iliwakatakata.

Mwenye kujua ripita anausoma ugonjwa huo kwa masikio. Mawimbi dhaifu yanafungua risiva. Transmita inawaka. Ikiwaka, risiva inazibwa na haisikii tena, kwa hiyo kontrola inazima transmita. Ikizimika, risiva inasikia tena, na mzunguko unaanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Aliye karibu au mwenye nguvu kubwa hapati tatizo, ndiyo maana waliokuwa mjini na redio za gari walisema ripita ni nzima.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la dupleksa. Lilikuwa na mantiki: dupleksa ndiyo kazi yake kuzuia jambo hili, yetu ni ya zamani, na mitungi huhama masafa kwa joto. Wengine walishuku moduli mpya kwamba ina kelele. Nami nilikuwa na shaka hiyo. Lakini shaka zote mbili zinapimika, na vipimo vyake havikuhitaji kifaa cha gharama.

Tulichukua signo jenereta (kifaa cha kutoa mawimbi ya kupimia) na kuingiza mawimbi dhaifu kwenye njia ya risiva kupitia tawi lenye atenyueta kubwa, ili jaribio lenyewe lisivuruge dupleksa. Transmita ikiwa imezimwa, risiva ilifika SINAD (kipimo cha sauti ikilinganishwa na kelele) ya desibeli 12 kwa mikrovolti 0.28. Tulipoiwasha mchana wa jua, ilihitaji mikrovolti 2.8 kufika palepale. Mara kumi kwa volti ni desibeli 20, na desibeli 20 ni mara mia kwa nguvu. Mtu mwenye redio ya wati 5 alikuwa anasikika kana kwamba ana wati 0.05.

Kisha tukaanza kutenga sehemu moja baada ya nyingine. Transmita tuliitoa kwenye dupleksa na kuipeleka moja kwa moja kwenye dami lodi, ikitangaza kwa nguvu ileile. Kipimo kilirudi 0.28. Kwa hiyo mawimbi hayavuji kupitia maboksi wala waya za umeme. Tukairudisha kwenye dupleksa, na dami lodi tukaifunga kwenye tundu la antena la dupleksa lenyewe. Kipimo kilisoma 0.31. Desibeli 0.9 tu za hasara, tena saa saba mchana. Kwa jaribio hilo moja dupleksa ilisafishwa jina, na moduli mpya pamoja nayo: laiti moduli ingekuwa na kelele kupita kiasi, au mitungi ingekuwa imehama, hasara ingebaki hapohapo.

Kuna fundi aliyependekeza tuikague dupleksa kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima antena na vichujio, badala ya mzunguko huu wote. Kifaa hicho nakipenda na kimetuokoa mara nyingi, lakini uwezo wake wa kuona chini ni takriban desibeli 70 kwenye masafa haya. Kizuizi cha dupleksa nzima kikiwa na kina kuliko hapo, kinachoonekana kwenye skrini ni kelele ya kifaa chenyewe. Kinafaa kwa mtungi mmojammoja. Risiva ya ripita ndiyo kipimo chenye unyeti zaidi kilimani, na tayari ipo pale.

Kebo

Kilichobaki kilikuwa upande wa antena: kebo fupi kutoka dupleksa hadi kizuia radi, kizuia radi chenyewe, kebo kubwa ya mnara, antena, na vyuma vya mnara, ambavyo vikishika kutu kwenye maungio navyo huweza kutoa kelele vikipigwa na mawimbi. Tulisogeza dami lodi hatua moja, ikakaa mwisho wa ile kebo fupi. Kukwaruza kukarudi. Mwenzangu akaishika kebo na kuitikisa kwa vidole, na sindano ya SINAD ikaruka kila alipoigusa.

Kebo hiyo ilikuwa ya kisasa na yenye hasara ndogo, aina ambayo wengi huisifu, na kwa redio ya kawaida inastahili sifa. Ganda lake la ndani ni karatasi ya alumini, na juu yake kuna nyuzi za shaba zilizopakwa bati. Ni metali mbili tofauti zinazosuguana. Zikiwa mpya zinagusana vizuri. Miaka ikipita, unyevu ukiingia kupitia kanekta, mguso huo unakuwa wa kubahatisha, na mkondo wa transmita unapopita juu yake hutoa cheche ndogondogo na kelele ya masafa mapana. Redio inayotuma na kupokea kwa zamu haidhuriki, kwa sababu wakati wa kelele haisikilizi. Ripita inasikiliza wakati huohuo. Jua lilipopasha boksi kebo ilitanuka, upepo ulipotikisa ukuta ikacheza, ndiyo maana ugonjwa ulikuwa wa mchana. Hata dupleksa mpya isingesaidia, kwani kelele ilizaliwa baada yake, upande wa antena, na ikarudi ndani kwa njia halali ya risiva.

Kwa njia yoyote inayobeba kutuma na kupokea pamoja, tumia kebo yenye ganda la metali moja lililoshikana: ya nusu inchi yenye ganda la shaba lenye mikunjo, au RG-214 yenye suka mbili zilizopakwa fedha. Ile ya nusu inchi ipo nchini kwa wingi, kwa kuwa minara ya simu imefungwa kwa kebo za jamii hiyo, na wakandarasi hubakiwa na vipande. Tulinunua kipande kwa mkandarasi, kwa risiti. Nasisitiza risiti. Kebo za minara huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na ripita ya watu wanaojitolea kusaidia mawasiliano wakati wa maafa haifai kufungwa kwa kebo iliyozima simu za kijiji fulani.

Kanekta za N zilitusumbua kuliko kebo. Za bei rahisi zimejaa madukani na kwa macho zinang'aa kuliko nzuri. Tulizipima kwa njia mbili. Sumaku kwanza: ikishika kwa nguvu, ndani mna chuma, na chuma hakitakiwi kwenye njia ya kutuma na kupokea pamoja. Pili, ncha ya pasi ya kuchomea iguswe kwenye plastiki nyeupe ya ndani kwa kanekta moja ya sampuli. Teflon haiyeyuki kwa mguso mfupi, ila plastiki ya bandia inalainika papo hapo, na itafanya hivyohivyo siku ya kuchomea risasi. Zilizopita majaribio yote mawili zilikuwa chache, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya zile nyingine. Tulilipa.

Kebo mpya ilipofungwa, tulipima tukiwa na antena halisi, mchana, upepo ukivuma: mikrovolti 0.28 transmita ikiwa imezimwa, 0.31 ikiwaka. Tulirudia usiku tukapata vilevile. Fedha iliyochangwa kwa dupleksa imenunua moduli ya akiba, feni mbili za akiba, kipande kingine cha kebo chenye kanekta tayari, na signo jenereta ya mitumba ambayo sasa ni ya kikundi badala ya kuazima. Kanekta ya juu ya mnara ni ileile ya zamani, na SWR yake bado ni nzuri. Itafunguliwa, ipimwe kwa sumaku na kubadilishwa kabla ya masika, wakati fundi wa mnara atakapopanda kukaza vibano vya antena.